Mafuta ya Chausiku

Kila mwaka, mawingu yanapoanza kujikusanya upande wa Manyoni na watu wa Kwa Pampu wanapotoa majembe uvunguni, mafuta ya nyonyo ya Febronia yalikuwa yakipungua. Hayakupungua kwa kuvuja, wala si panya aliyeyanywa. Yalipungua kwa sababu Febronia alikuwa na mume mwizi, na mke aliyekwisha kumzoea mume mwizi hubaki kupiga kelele tu, majirani wasije wakadhani ameridhika.

"Baba Eliana, chungu changu kimeguswa."

"Kimeguswa na nani?"

"Na wewe na yule mwanamke wako."

Yule mwanamke aliitwa Chausiku. Alikuwa mweusi tii, mzito kuliko nyumba zote za Kwa Pampu zikiwekwa pamoja, na alikuwa amesimama kwenye reli ya pembeni, nyuma ya stesheni, tangu Eliana akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikuwa kichwa cha treni cha zile zama za moshi, enzi za kuni na maji. Siku za kawaida Febronia alimwita mke mwenzangu. Siku akikasirika alimwita mke mkubwa, na hapo mumewe Mazengo alijua kwamba jioni ugali utakuja bila mboga ya maana.

Febronia naye hakuwa na kosa. Asiyewahi kutengeneza mafuta ya nyonyo aseme anavyotaka, ila kazi yake si ndogo: mbegu zichumwe, zianikwe, zikaangwe, zitwangwe, zichemshwe mchana kutwa huku unaengua kidogo kidogo kinachopanda juu. Mwisho wa yote unapata chungu kimoja, kwa ajili ya ngozi za watoto wachanga, maharusi na wazee waliopauka. Halafu mtu mzima mwenye mvi anakuja kunyatia chungu hicho, anamimina kwenye chupa, anakwenda kuyapaka magurudumu.

Mazengo alikuwa amechoka, na hili lisemwe mapema. Magoti yalichoka, mgongo ulichoka, na moyo nao ulichoka kwa namna yake. Alikuwa mzee wa kilimo cha uwele na alizeti kidogo, aishiye katika nyumba ya zamani ya reli ambayo hakuna aliyekumbuka kumtoa humo. Binti yao Eliana alikuwa ameolewa Unyambwa, pembeni ya mji wa Singida, na alikwisha kuwajengea wazazi chumba. Kila akipiga simu alisema kilekile: njooni, kuna maji ya bomba, kuna wajukuu. Febronia angeondoka hata kesho. Ni Mazengo aliyekuwa akikwama, na jibu lake lilikuwa moja.

"Chausiku nitamwachia nani?"

Ujanani Mazengo alikuwa mchochea moto. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya mlango wa tanuri na kulilisha magogo ya vichaka vya Itigi, yale magumu yanayowaka polepole, huku treni ikipanda na kushuka kati ya Dodoma na Tabora. Chausiku alivuta karanga, akavuta ngozi, akavuta ng'ombe wa Wagogo waliokuwa wakilia njia nzima kana kwamba wanajua waendako. Kiangazi kikikaza alivuta matangi ya maji kwa stesheni zisizo na kisima, na kina mama walipanga foleni na madebe. Aliyejifungua karibuni hakupanga foleni. Huyo alipewa maji ya moto kutoka kwenye boila lenyewe, ya kumkandia na kumwogeshea mtoto, na ilikuwa mwiko kwa dereva yeyote kuondoka kabla debe la mzazi halijajaa. Kandokando ya reli ile kuna watu wazima leo, wenye vitambi vyao, ambao maji yao ya kwanza duniani yalipikwa na Chausiku.

Dereva wake alikuwa Emilian, mtu wa Tabora, mkali, mfupi, asiyecheka kazini. Kila safari ilipokwisha, Mazengo akiwa hoi, uso umejaa masizi na mikono imebabuka, Emilian alimpa kopo la mafuta lenye mdomo mrefu na kumwambia azunguke kila gurudumu, afungue kila kifuniko cha ekseli, ahakikishe. Mazengo akinung'unika, Emilian alikuwa na maneno yake.

"Njaa ya moto utaisikia, kichwa kitakohoa. Njaa ya mafuta haisemi kitu mpaka imekwisha kuua."

Kisha vikaja vichwa vya dizeli. Chausiku akaanza kuvuja kwenye mabomba ya boila, na siku moja wakaambiwa wamwache Kwa Pampu asubiri fundi. Wakamsukuma kwenye reli ya pembeni. Emilian akaitwa Tabora, akapanda behewa la abiria na kibegi chake, akachungulia dirishani.

"Mazengo! Usimwache mkavu. Nakuja kumchukua."

Fundi hakuja. Emilian naye hakuja. Habari za msiba wake zililetwa na abiria mmoja aliyekuwa akinunua karanga dirishani, akazisema hivihivi huku akihesabu chenji. Mazengo alihamishiwa genge la kukarabati reli, akabeba mataruma mpaka akastaafu. Mafuta ya stoo yakaisha, akawa anaomba oili chafu kwa madereva wa malori. Oili chafu nayo ikawa adimu, akakumbuka kwamba wazee wa reli walikuwa wakisifu mafuta ya nyonyo, na hapo ndipo ndoa yake ilipoingia mchanga.

Msidhani alikuwa bado anasubiri. Matumaini yalikwisha zamani, yalikwisha bila hata yeye kujua mwaka gani. Aliendelea tu, kila kabla ya mvua, kufungua vifuniko, kutoa matambaa ya zamani, kuweka mapya yaliyoloweshwa mafuta. Alichoka kufanya na alichoka zaidi akifikiria kuacha, kwa sababu hakuwahi kupata siku ya kuacha. Ukiahidi kwa mtu aliyekufa, utakwenda kumwomba nani ruhusa?

Mwaka huu Frank alikuja. Alikuwa kijana wa wanunuzi wa chuma chakavu, na alishuka na kiberenge cha reli akiwa amevaa kofia ngumu ya njano na buti safi. Alikuwa na adabu, hilo hatumnyimi. Aliinama vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibu Kwa Pampu."

"Asante sana. Nimekuja kumcheki huyu bibi hapa." Akampigapiga Chausiku tumboni kwa kinyundo, akasikiliza. "Safi. Unajua mzee, kule mbele kuna vichwa viwili kama hiki. Tumeviacha."

"Mmeviacha kwa nini?"

"Magurudumu yamegoma. Yameshikana na reli utadhani yamechomelewa. Kuvinyanyua mpaka kreni, na kreni ya saizi hiyo haifiki huku. Kwa hiyo utaratibu wetu ni rahisi: kisichotembea tunakiacha palepale, kikae mpaka kiyama."

"Na kinachotembea?"

"Kinachotembea tunakivuta kwa dizeli mpaka stesheni kubwa. Kinakatwa pale, vipande vinakwenda kuyeyushwa. Nondo, mzee wangu. Watu wanajenga."

Frank akachuchumaa, akainua kifuniko cha ekseli moja, akaingiza kidole. Kidole kilitoka kinang'aa. Akakinusa, akacheka kwa mshangao.

"Haya mafuta ni mapya! Nani anaweka?"

Mazengo alitazama reli.

"Basi yeyote yule, Mungu ambariki," Frank alisema akijifuta kidole. "Ametuokolea kazi kubwa. Kesho kutwa asubuhi dizeli inakuja kuvuta."

Kiberenge kikaondoka. Mazengo alibaki amesimama pale pale, jua likimchoma kisogo, na maneno ya kijana yakizunguka kichwani. Wale wawili wa kule mbele hawakuwa na mtu. Hakuna aliyewafungulia vifuniko, hakuna aliyewaibia mkewe kwa ajili yao, na sasa wamepona. Chausiku alitunzwa, na matunzo ndiyo yaliyomfungulia njia ya kwenda kukatwa. Laiti Mazengo angekuwa mvivu. Kwa Pampu kulikuwa na wavivu wengi wa kuigwa, tena wanakaa stesheni mchana kutwa na bao lao, angejifunza kwao bila ada.

Nyumbani alimweleza Febronia kwa maneno machache. Mwanamke aliyemtukana mke mwenza miaka yote ile angeweza kupiga vigelegele, akafunga mizigo, akampigia Eliana simu. Hakufanya hivyo. Alimwekea mumewe ugali na mlenda, akamtazama asivyokula.

Siku ya pili, baada ya kutoka shambani, Mazengo alichukua ndoo ndogo akashuka korongoni. Akachota mchanga, ule laini uliochekechwa na maji ya mvua za mwaka jana. Alipanda nao akisimama kila hatua chache, akijidai anatazama mawingu. Hakuwa mjinga, alijua anachokwenda kufanya. Ekseli ikiingia mchanga haizunguki mbali. Itakwaruza, itashika, itagoma. Dizeli itavuta, itashindwa, Frank atasikitika, atakwenda zake. Chausiku atabaki.

Enzi zake za kuchochea moto, mchanga ndio ulikuwa shetani. Safari moja kabla ya Itigi, Emilian alisimamisha treni nzima porini kwa sababu alinusa harufu ya ekseli inayoungua. Walipofungua walikuta punje za mchanga zilizoingia kwenye kifuniko kilichofungwa vibaya. Chuma kilikuwa kimekwanguka kama kisigino cha mkulima. Emilian alikaa chini kwenye kokoto akashika kichwa, na hakumsemesha mtu mpaka Tabora. Tangu siku ile Mazengo hakuwahi kufunga kifuniko bila kukipangusa kwanza kwa kiganja.

Sasa alikifungua cha gurudumu la mbele. Matambaa yalikuwa safi, yamelala kwenye mafuta yao. Akaomba radhi kimoyomoyo, kwa nani sijui, akainamisha ndoo.

Mchanga uliingia bila kelele yoyote. Ulizama kwenye mafuta, ukayanywa, ukageuka tope jeusi. Mazengo aliutazama. Akaangusha ndoo. Akaingiza mkono, akaanza kuuchota kwa vidole, haraka, kama mtu anayetoa udongo kinywani mwa mtoto. Matambaa yakatoka, tope likatoka, lakini mchanga una ubishi wake. Ulibaki kwenye kona, kwenye nyufa, chini ya kucha. Akavua shati akalifanya kitambaa. Akafuta, akapuliza, akafuta tena. Jua liliegemea upande wa Itigi naye bado amepiga magoti kwenye kokoto, kifua wazi, akikwangua.

Febronia alimkuta hivyo. Alikuwa amekuja kumtafuta kwa sababu chakula kilikuwa kimepoa mara mbili. Aliona ndoo, akaona mchanga, akaona shati lililokuwa la Pasaka.

"Umemwekea mchanga," alisema.

"Nimeutoa."

"Wote?"

"Wote. Ila mafuta nayo yametoka yote pamoja nao. Hapa sasa ni pakavu kabisa."

Febronia alikaa kwenye reli, akanyoosha miguu. Alifikiri kidogo.

"Si ndivyo ulivyotaka? Paache hivyo pakavu. Kesho wakivuta itagoma. Hujaweka mchanga, hujaweka mafuta, huna dhambi."

"Hata mimi nimewaza hivyo."

"Sasa?"

Mazengo alifungua mdomo kujibu, kilio kikatangulia. Alilia waziwazi, mzee mzima, tope likichanganyika na machozi, na mkewe hakumwambia nyamaza.

"Nikimwacha mkavu abaki," alisema baadaye, "kila nikipita hapa nitajua mimi ndiye niliyemkausha. Nikimpaka, anakwenda kukatwa. Nimechoka, Mama Eliana. Walahi nimechoka. Emilian aliniambia nisimwache mkavu, hakuniambia mpaka lini."

Febronia aliinuka, akakung'uta kitenge, akaondoka. Mazengo alidhani amekasirika, na alimwona ana haki. Alibaki amekaa, kifuniko wazi mbele yake, akisikiliza mbuzi wa watu wakirudishwa nyumbani.

Aliporudi, Febronia alikuwa amebeba chungu mikononi. Kilikuwa kile kipya, kilichojaa mpaka shingoni, ambacho alikificha nyuma ya gunia la uwele kwa ajili ya mtoto wa Eliana atakayezaliwa.

"Hicho ni cha mtoto," Mazengo alisema.

"Mtoto atangoja. Ana siku nyingi mbele yake." Akakiweka chini. "Kwetu Issuna mtu haondoki mkavu. Awe bibi harusi, awe maiti. Hata mke mwenza anayerudishwa kwao hupakwa mafuta kwanza, ndugu zake wasije wakasema aliishi kwa watu wabaya. Nimemtukana huyu mpaka mdomo umechakaa, lakini sitaki aseme tulimwondoa amepauka. Nionyeshe panapopakwa."

Katika maisha yao yote Febronia hakuwahi kumgusa Chausiku. Mazengo alichana kilichobaki cha shati, akalowesha kitambaa, akamshika mkono akamwonyesha: kwanza unazungusha polepole, kisha unasukuma ndani, usiache pengo. Walikwenda gurudumu kwa gurudumu, yeye akifungua na kupangusa, mkewe akipaka. Febronia alinung'unika kwamba huyu mwanamke ana miguu mingi. Mafuta yalipofika chini ya chungu, aliyapangusa kwa kiganja akayamalizia kwenye mkono mrefu wa chuma unaounganisha magurudumu, ambao haukuyahitaji sana.

Asubuhi dizeli ilikuja. Kwa Pampu nzima ilitoka, hata bao lilisimama. Wazee waliokumbuka kelele za vichwa vilivyolala muda mrefu waliziba masikio wakisubiri mlio. Vijana wa Frank walifunga mnyororo, wakapiga filimbi, dizeli ikanguruma. Mnyororo ukakaza.

Chausiku akaondoka. Hakukwaruza, hakulia, hakushtuka. Magurudumu yalizunguka kimya, mkono wake mrefu ukapanda na kushuka ukimeremeta kwa mafuta, akatoka kwenye magugu yaliyomfunika miguu akaingia kwenye reli kubwa kana kwamba alikuwa akingoja kuitwa tu. Watu walipiga makofi. Bibi Dorika, aliyeogea maji ya Chausiku katika uzazi wake wa kwanza, alivua kilemba akakipunga, akasema, "Nenda mama, ulitufaa."

"Mzee, ona inavyoteleza!" Frank alipaza sauti akiwa amening'inia ubavuni. "Sijawahi kuona!"

Mazengo aliona. Alijisikia fahari, fahari ile ya ujanani ya mtu ambaye kazi yake haikukutwa na dosari mbele za watu, na fahari hiyo ilimuuma kuliko huzuni. Alisimama mpaka kichwa cheusi kikapotea kwenye kona ya vichaka. Kisha akaenda nyumbani, akalala mchana, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Walihamia Unyambwa baada ya kuvuna. Hakukuwa tena na la kumkwamisha. Chumba cha Eliana kilikuwa kizuri, maji ya bomba yalitoka, wajukuu walipiga kelele za kutosha. Mazengo alikaa kibarazani akiwatazama, akijibu shikamoo za majirani, na jioni alisikiliza upande wa kusini ambako hakuna kinachosikika. Febronia aliota mizizi upesi. Mnyonyo ulikuwa umejiotea nyuma ya choo. Akachuma, akaanika, akatwanga, akachemsha mchana kutwa.

Mawingu yakaanza kujikusanya tena. Asubuhi moja Mazengo, akiwa kibarazani, alimsikia mkewe ndani akisogeza gunia, kisha akifunua chungu. Aliyajua yanayofuata. Alijikuta ameinua kichwa kuyasubiri, maneno yote ya mwizi na mwanamke wake. Ndani kulikuwa kimya.

"Baba Eliana," Febronia aliita.

"Naam."

"Chungu changu hakijaguswa."

Alilisema kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba. Febronia akatoka na chungu chenyewe, kimejaa, akaketi sakafuni mbele ya kiti cha mumewe, akauvuta mguu wake akaupakata. Kisigino kilikuwa kimepasuka, kimepauka.

"Mama Eliana, mimi sisafiri."

"Nani kasema unasafiri? Tulia."

Akachovya vidole. Akaanza kwenye kifundo, akizungusha kwanza polepole, kisha akisukuma ndani ya kila ufa, asiache pengo. Alipomaliza mguu wa kulia, akaomba wa kushoto.